KIVULI SI ZAWADI, NI HAKI YA KAZI



Katika kurasa hizi tumezoea kusema habari za mshahara, saa za kazi, nyumba, na watu wanaofukuzwa kazi bila sababu. Leo tunataka kusema habari ya jambo ambalo halimo katika makubaliano mengi ya kazi, nalo linatupata kila siku tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Jambo hilo ni jua. Tunasema habari ya joto la nje: shambani, barabarani, sokoni, kwenye steji za magari, na katika nyua za nyumba tunazolala. Pengine mtu atacheka na kuuliza, "Je, chama sasa kinataka kugombana na jua?" La, hatugombani na jua. Tunagombana na desturi ya kumwacha mfanya kazi juani kana kwamba yeye ni jiwe.

Tazameni jina tunaloitwa. Katika Kenya fundi afanyaye kazi nje bila paa huitwa "jua kali", na jina hilo limeenea hata limeingia katika maandishi ya Serikali. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakigonga mabati juani, naye akaahidi kwamba watajengewe mabanda. Mabanda yakajengwa. Angalieni maana ya jambo lile. Serikali yenyewe ilikubali kwamba kivuli ni chombo cha kazi, kama nyundo na tupa. Leo jina la jua kali ni jina la heshima, nasi twajivunia. Lakini heshima ya jina isitusahaulishe maana yake, yaani mtu anayechomwa na jua akitafuta riziki.

Wako watakaosema, "Nakuru ni mji wa baridi. Habari za joto wapelekeeni watu wa Mombasa na Garissa." Ni kweli mji wetu uko juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya mwezi wa Julai mtu huvaa koti. Lakini wasemao hivyo wasahau mambo mawili. Kwanza, mahali palipo juu hewa ni nyepesi, na mwali wa jua hupenya kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo mtu wa Nakuru aweza kusikia baridi kivulini na kuungua juani saa ile ile. Pili, wafanya kazi wa Bonde la Ufa hawakai Nakuru mjini peke yake. Ukishuka kwa barabara ya Mogotio mpaka Marigat, mwendo wa kilomita 100 hivi, umeshuka karibu mita 800, na kila ukishuka mita 100 joto huongezeka zaidi ya nusu digrii. Mchana wa kawaida wa Nakuru ni kama digrii 26 za sentigredi. Marigat mara nyingi hupita digrii 32, na katika kiangazi cha Januari mpaka Machi huweza kupita 35.

Kuanzia Mogotio, mahali mstari wa ikweta unapopita, mpaka Ziwa Bogoria, Marigat na Kampi ya Samaki, nchi ni kavu. Si jangwa la mchanga, lakini wakati wa kiangazi majani huisha, udongo hubaki mtupu, na upepo huinua vumbi. Huko wako wakata mkonge, wakulima na vibarua wa shamba la maji la Perkerra, wajenzi wa barabara, wachuuzi wa samaki na asali, askari wa mbuga na waendesha pikipiki. Wote hao kazi yao ni ya nje. Tena vumbi si la chini peke yake. Jina la Nakuru lenyewe huelezwa kuwa ni neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na katika miaka ya 1990 ziwa lilipokaribia kukauka, upepo ulileta vumbi la magadi mpaka mjini.

Sasa tuseme joto ni nini, maana asiyejua adui yake hawezi kumshinda. Joto linalompata mtu aliye nje si kitu kimoja. Ni vitu vinne: joto la hewa, mwali wa jua, upepo, na unyevu wa hewa. Kipimajoto cha watu wa hali ya hewa hukaa ndani ya sanduku jeupe lenye matundu, jua lisiweze kukifikia. Basi redio ikitangaza digrii 33, hiyo ni habari ya hewa kivulini. Mtu aliyesimama juani hupata hizo 33, na juu yake mwali wa jua kichwani, na mwali unaorudishwa na ardhi tupu, na joto litokalo katika ukuta na bati lililo karibu naye.

Jeshi la Marekani lilipoona askari wake wanaanguka mazoezini kwa sababu ya joto, katika miaka ya 1950 lilitengenezewa kipimo kipya. Walichukua kipimajoto kilichovikwa kitambaa chenye maji, kingine kilichotiwa ndani ya tufe jeusi, na cha tatu cha kawaida kilicho kivulini. Katika hesabu ya mahali pa jua, sehemu 7 kati ya 10 hutoka katika kile cha kitambaa, sehemu 2 katika lile tufe jeusi, na sehemu 1 tu katika kipimajoto cha kawaida. Fahamuni vema jambo hili. Namba ile tunayoisikia redioni ni sehemu moja katika kumi ya hesabu ya taabu ya mtu aliye juani.

Katika vile vitu vinne, joto la hewa mwanadamu hana uwezo nalo. Lakini mwali aweza kuuzuia kwa mti na kwa paa. Upepo aweza kuupa njia au kuuziba. Vumbi aweza kulipunguza kwa majani na miti. Maji ya kunywa aweza kuyaleta. Kwa hiyo hakuna tajiri wala mkubwa wa kaunti awezaye kusimama na kusema kwamba jambo hili ni la Mungu peke yake. Mungu ameleta jua. Aliyekata mti, au aliyejenga soko bila paa, huyo ni mtu, naye ana jina na ofisi.

Tena nchi yetu ina desturi yake. Mahali palipo mbali na ikweta, kwa miezi mingi ya mwaka jua la adhuhuri huinama upande mmoja, na ukuta mrefu huweka kivuli. Hapa kwetu si hivyo. Katika mwezi wa Machi na wa Septemba jua la saa sita husimama juu ya utosi, na ukuta hauna kivuli saa hiyo. Kwetu kivuli cha kweli hutoka juu: mti, baraza, paa lililotokeza mbele. Asubuhi na jioni jua hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo nyumba iliyonyooshwa kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini, hupata joto kidogo kuliko jirani yake iliyogeuzwa vingine. Kugeuza msingi kabla ya kujenga hakuna gharama kubwa. Gharama ni kumfikiria atakayelala humo.

Wazee wetu hawakusoma hesabu hizo, lakini walizijua. Katika nchi ya Baringo mashauri ya watu hukatwa chini ya mgunga, na nyumba za zamani za Watugen na Wailchamus ziliezekwa kwa nyasi, ambazo hazipitishi joto kama bati. Watu wa Lamu nao walijenga njia nyembamba katikati ya nyumba za mawe, na mbele ya mlango wakaweka daka la kukaa wageni. Juu ya njia nyingine walijenga wikio, yaani chumba kinachounganisha nyumba mbili, ambacho chini yake mpita njia hupata kivuli hata saa sita. Mwaka 2001 mji ule uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Basi mtu asituambie kwamba kujenga kwa kufikiria jua ni jambo geni.

Walowezi wa Kizungu nao walipochukua mashamba ya Bonde la Ufa walilijua jua, tena waliliogopa sana. Walivaa helmeti, wengine wakashona kitambaa kizito mgongoni wapate kulinda uti wa mgongo, na nyumba zao walizizungushia baraza pana. Lakini kwa mfanya kazi walidhani kwamba mwili wa Mwafrika hauna habari na jua. Alijengewa kambi ya safu safu, bati juu, ardhi tupu mbele. Na wakati Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwatesa viongozi wa wafanya kazi, iliwapeleka wapi? Makhan Singh, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa vyama vya wafanya kazi mwaka 1949, alikamatwa mwaka 1950 akapelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana. Fred Kubai, baada ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 na 1953, alifungwa huko huko. Mifereji ya Perkerra ilianza kazi yake mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini. Wakoloni walijua kabisa kwamba jua bila kivuli ni adhabu. Swali letu ni hili: kilichokuwa adhabu ya mfungwa kwa nini kiwe hali ya kawaida ya mtu huru?

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini ramani ya kivuli imebaki karibu vile vile. Nakuru ilipewa cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tembeeni siku moja adhuhuri kutoka Milimani mpaka Kaptembwo na Rhonda. Mtaona miti inavyopungua kadiri nyumba zinavyosongamana, mpaka mnafika mahali ambapo mtoto hana pa kucheza ila juani au ndani chini ya bati. Wazee wana methali isemayo, "Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali." Mti unasimama hapa, kivuli chake kinaanguka kwingine. Ndivyo ilivyo. Mpanda miti, mfyeka majani na mjenzi wa baraza ni sisi, na kivuli kinawaangukia wengine.

Lakini tunatoa onyo. Si kila mti ni kivuli, na si kila msaada ni msaada. Wanachama wa Baringo wanaujua mti wa mathenge. Uliletwa Marigat na nchi zilizo karibu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa nia ya kupata kuni na kuzuia udongo usichukuliwe. Wenyeji hawakuulizwa vya kutosha. Mti ukaenea, ukaziba njia na malisho, miiba yake ikatoboa magurudumu na miguu, na mbuzi waliokula makaka yake wakaharibika meno. Mwaka 2006 wenyeji walikwenda mahakamani kuishtaki Serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa kuwa ushahidi. Kuna mafunzo mawili hapa. Kwanza, kivuli kipangwe pamoja na watakaokitumia. Pili, mgunga, mkwaju, mkuyu na mwarobaini ni miti ijulikanayo, na wako wazee wawezao kusema upi unafaa wapi.

Sasa tuje kwenye mwili wa mfanya kazi. Mwili hutaka kukaa karibu na digrii 37. Kupiga jembe, kubeba zege au kusukuma mkokoteni huzaa joto jingine kutoka ndani, na mwili hujipoza kwa jasho. Katika nchi kavu jasho hukauka upesi hata mtu hajioni kwamba amelowa. Hudhani hajapoteza maji, kumbe kwa kazi nzito aweza kupoteza lita moja kwa saa moja. Kwanza kichwa huuma, misuli hukaza, kizunguzungu huja, na pengine hutapika. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akianguka bila fahamu, hiyo ni hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini mara moja, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na huku mwingine anatafuta gari la hospitali. Mtu asiye na fahamu msimnyweshe kitu.

Tena kuna madhara yasiyoonekana siku ile ile. Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador maelfu ya wakata miwa, wengi wao vijana, wamekufa kwa ugonjwa wa figo, na waganga wameuhusisha ugonjwa huo na kazi nzito juani bila maji na mapumziko ya kutosha. Wakata miwa wengi hulipwa kwa kipimo, kama wakata mkonge wetu. Mtu wa kipimo akipumzika, anajikata mshahara mwenyewe. Hakuna haja ya nyapara mwenye kiboko. Kipimo ndicho nyapara, nacho hakina huruma wala hakioni kizunguzungu.

Tajiri atajibu kwamba kivuli na mapumziko ni gharama. Naam, ni gharama. Lakini kumwacha mtu juani nako ni gharama, ila hulipwa na mwili wa mfanya kazi badala ya mfuko wa tajiri. Tena mwishowe hata mfuko wa tajiri hauponi. Shirika la Kazi Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba mtu afanyaye kazi ya nguvu za kadiri, joto likifika digrii 33 au 34, hupoteza nusu ya uwezo wake wa kufanya kazi. Lilikisia pia kwamba kufikia mwaka 2030 dunia itapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi kwa sababu ya joto, hasara iliyo sawa na watu milioni 80 wa kazi ya siku nzima, na sehemu kubwa ni ya kazi za mashamba. Mwaka 2024 shirika hilo hilo lilitangaza kwamba katika Afrika karibu wafanya kazi 93 katika kila 100 hupatwa na joto la kupita kiasi. Basi tajiri anayehesabu shilingi za turubai ahesabu pia saa zinazopotea Marigat kila mchana watu wanapoburuta miguu. Si uvivu ule. Ni mwili unaokataa kufa.

Sheria za Kenya zinatusaidia, ingawa hazijatosha. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya hali nzuri ya kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Sheria hiyo inasema pia kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, na ana sababu ya haki kuamini hivyo, amwarifu msimamizi wake, wala asiadhibiwe kwa kuondoka katika hatari. Wajumbe wetu wangapi wamewahi kuandika neno "joto" katika kitabu cha kamati? Haki isiyotumiwa huota kutu kama panga.

Upungufu ni huu. Sheria yetu inasema habari ya joto la kadiri katika chumba cha kazi, lakini kwa mtu wa nje haikutaja digrii ambayo ikifika kazi isimame. Wenzetu wa nchi nyingine wametangulia. Huko California, Marekani, baada ya vifo vya wafanya kazi wa mashamba mwaka 2005, Serikali ya jimbo ilitoa amri ya joto, na vyama vya wafanya kazi wa mashamba vikaendelea kuipigania. Leo joto likipita digrii 27 hivi lazima kuwe na kivuli kwa walio mapumzikoni, na maji ya kunywa ni karibu lita moja kwa kila mtu kwa kila saa. Huko Qatar, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kutafuta kazi, amri ya mwaka 2021 ilikataza kazi ya nje juani tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, kuanzia tarehe 1 Juni hata 15 Septemba. Tena kile kipimo cha tufe jeusi kikipita 32.1, kazi ya nje isimame saa yoyote. Hatusemi kwamba huko hakuna taabu. Taabu ziko nyingi, na ndugu zetu wamezisimulia. Lakini ikiwa nchi ya jangwa imeweza kuandika saa na namba, Kenya inashindwa na nini?

Kwa hiyo madai yetu ni haya, nasi tunataka yaingizwe katika kila makubaliano mapya ya kazi katika eneo hili.

Kwanza, maji. Lita moja kwa kila mtu kwa kila saa ya kazi ya nje, yawe safi, yawe karibu, yasiwe ya kuombwa.

Pili, kivuli. Kila gengi la kazi liwe na mti mkubwa, banda, au turubai la kuhamishika, pa kuwatosha wote walio mapumzikoni. Siyo kivuli cha lori linalounguruma.

Tatu, saa. Katika kiangazi kazi ianze alfajiri, na kazi nzito ya nje isimame tangu saa sita mpaka saa tisa, mshahara wa siku usikatwe.

Nne, mapumziko ya kulipwa, hata kwa mtu wa kipimo. Na mtu mgeni, hasa atokaye nchi ya baridi kwenda bondeni, asitwike kazi yote siku ya kwanza. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani hushauri kwamba mgeni aanze na sehemu ya tano ya kazi siku ya kwanza, aongezewe sehemu ya tano kila siku. Mwili huzoea, lakini hutaka siku zake.

Tano, mji. Serikali za kaunti ya Nakuru na ya Baringo zisijenge soko, steji wala mtaa mpya bila miti na paa la wapita njia. Wachuuzi sokoni na waendesha pikipiki nao ni wafanya kazi, hata kama hawana tajiri wa kushtakiwa. Na hapa tuna neno la pekee. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mfanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Fedha hizo ni zetu. Tuna haki ya kuuliza katika kila mradi: Nyumba zimegeuzwa wapi? Ua una miti mingapi? Mama akianika nguo na watoto wakicheza saa nane mchana, watakaa wapi? Asiulizwe tajiri peke yake. Mchora ramani naye aulizwe.

Mwisho tunasema na sisi wenyewe. Iko desturi mbaya katikati yetu, nayo ni kumcheka mtu anayekaa kivulini. Huitwa mvivu, huitwa mama, huitwa mgonjwa. Maneno hayo yalianza vinywani mwa manyapara, nasi tumeyaokota bila kujua tunamtumikia nani. Kuanzia leo mwanachama asimcheke mwenzake aliyetua mzigo kunywa maji. Wajumbe wa chama wanunue kipimajoto, hata kimoja kwa tawi, waandike joto la adhuhuri kila siku katika daftari pamoja na majina ya walioanguka au kurudishwa nyumbani. Tukifika mbele ya waajiri tuwe na daftari mkononi, maana maneno matupu hupeperushwa na upepo. Na kila tawi, mvua za masika zikianza, lipande miti ya kivuli mahali pa mkutano na kuitunza mpaka ishike. Mti wa leo hautatupa kivuli mwaka huu. Utawapa wale watakaokuja kusoma karatasi kama hii wakati sisi tumestaafu.

Ndugu zetu waliotutangulia walidai saa za kazi, wakaambiwa haiwezekani. Walidai likizo, wakaambiwa ni anasa. Leo mambo hayo yameandikwa katika sheria, wala hakuna anayeyaita zawadi. Kivuli nacho kitafuata njia hiyo, ikiwa tutakidai kwa sauti moja. Basi jambo hili lijadiliwe katika mkutano wa kila tawi kabla ya kiangazi kijacho, na maazimio yaletwe kwa karani wa chama yakiwa yameandikwa.

UMOJA NI NGUVU, UTENGANO NI UDHAIFU.